Oshima: nianze na filamu gani kabla ya Jumamosi?

Mwanagenzi58, Nakuru

Hamjambo wadau. Nina shida na Mjapani mmoja.

Hapa Section 58 tuna kikundi cha watu kumi na wawili hivi. Tunakutana Jumamosi jioni kwa mwenzetu mwenye projekta, tunatazama filamu, halafu tunabishana mpaka mama mwenye nyumba aje kutuzimia taa. Kila mtu ana zamu ya kuleta mwongozaji mmoja. Zamu yangu ni Jumamosi ijayo, na kwa kimbelembele changu nilishatangaza kwamba nitamleta Nagisa Oshima. Jina nililijua kwa sababu ya David Bowie, yule mwanamuziki Mwingereza aliyeigiza kwenye filamu yake moja. Zaidi ya hapo sikujua kitu.

Basi nikaenda kwa kijana anayetia filamu kwenye flashi pale stendi ya matatu, nikamwambia anipe chochote cha Oshima. Akanipa moja, Ai no korida, ya 1976. Nikaifungua usiku sebuleni kwa shangazi ninakokaa, sauti nimeishusha kabisa, nikijua amelala. Hakuwa amelala. Sitaeleza zaidi. Shangazi ni mzee wa kanisa, na tangu siku hiyo "Bwana asifiwe" yake inanifikia ikiwa baridi kama chai ya jana.

Swali langu: huyu mtu alikuwa msanii kweli, au mchokozi aliyebahatika kupata kamera? Na kuna filamu yake ninayoweza kuonyesha mbele za watu, akiwemo mchumba wa mwenye projekta ambaye ni binti wa pasta? Naomba anijibu mtu aliyezitazama kwa macho yake.

NyotaYaMilimani, Kisumu

Pole kwa shangazi, nimecheka mpaka dereva wa tuktuk akageuka.

Mimi nimeona hiyohiyo ya Bowie, Senjo no Merry Christmas, 1983. Kambi ya wafungwa wa vita huko Java, 1942. Kapteni wa kambi ni Ryuichi Sakamoto, mwanamuziki ambaye hakuwa amewahi kuigiza, na muziki wa filamu pia ni wake. Ndio mlio wa simu yangu tangu nikiwa chuo. Onyesha hiyo, binti wa pasta atalia, wewe utaonekana msomi.

FundiFlashi, Kondele

Mwanagenzi, huyo kijana wa stendi usimlaumu, alikupa inayouzika. Kazi yake ndiyo yangu. Nina kibanda hapa Kondele karibu na daraja la juu, kompyuta mbili na spika iliyopasuka, na nimeuza filamu tangu wakati wa kaseti. Kwangu Oshima huulizwa na watu wa aina mbili: wanafunzi wa chuo wanaotaka kuonekana, na wazee wanaonong'ona. Wote wanataka hiyo ya 1976. Huwatilia, halafu nawaongezea nyingine bure, ya njiwa. Hakuna aliyewahi kurudi kunilalamikia kuhusu njiwa.

Hiyo ndiyo uonyeshe. Inaitwa Ai to kibo no machi, mji wa mapenzi na matumaini, ya 1959, dakika 62 tu. Kuna kijana maskini ambaye mamake hupiga watu viatu rangi barabarani, naye mama ni mgonjwa. Kijana anauza njiwa mjini. Njiwa akipata mwanya kwa mnunuzi, anaruka anarudi kwao, na kijana anamuuza tena. Msichana wa familia ya pesa anamnunua, anamhurumia kijana, anataka kumtafutia kazi kwenye kampuni ya babake. Kisha hila inajulikana. Mwisho sisemi.

Mara ya kwanza kuitazama niliisimamisha katikati nikatoka nje kununua mahindi ambayo sikuyataka. Nikiwa darasa la sita, Manyatta, nilikuwa na njiwa sita kwenye sanduku la nyanya juu ya paa la jikoni. Nilimuuzia mtoto wa mwalimu mmoja jirani yetu jozi moja kwa shilingi arobaini. Siku ya tatu alfajiri nikasikia mabawa kwenye mabati. Wamerudi, na yule dume ana uzi mwekundu mguuni, alama aliyofungwa na mwenye mali mpya. Mama akauliza, "Hawa si uliwauza?" Nikamwambia wamenikumbuka. Mama hakucheka. Alinishika mkono mpaka kwa yule mwalimu, mimi nimekumbatia kikapu, na mwalimu akacheka sana, akasema njiwa mgeni hufungiwa wiki mbili ndipo asahau kwao. Wote pale walidhani sikujua. Nilijua. Nilijua nikiwa nazipokea zile arobaini. Na yule mtoto wa Oshima naye anajua, na Oshima hamwombei msamaha wala hamwiti mwizi. Anamwacha amesimama hapo na ndege wake, wewe ndiwe uhangaike.

Shochiku, studio iliyomwajiri tangu 1954, haikupenda. Yeye alitaka filamu iitwe kwa jina la mvulana aliyeuza njiwa. Mapenzi na matumaini waliyabandika wao.

Alikuwa na miaka 27. Alizaliwa 1932, babake akafa yeye akiwa na miaka sita, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Kyoto na huko akawa kiongozi wa wanafunzi waandamanaji. Hilo ukilishika, mengine yote utayaelewa. Mwaka 1960 pekee alitoa filamu tatu. Katika Seishun zankoku monogatari, ambayo ni ya rangi, alijipiga marufuku kuonyesha kijani. Aliamini kijani kinatuliza moyo: mtu anarudi nyumbani na hasira zake, anaona kabustani na mti mmoja, hasira zinayeyuka. Basi kijani kisionekane, wala watu waliokaa kwenye mikeka ya tatami wakizungumza kwa utulivu. Huwa nawaza mtu wa Kericho angefuata hiyo sheria vipi, labda apige filamu yote ndani ya choo.

Ya tatu mwaka huo ni Nihon no yoru to kiri, na hapa ndipo uchokozi wake halisi ulipo. Ni harusi. Wageni ni wanaharakati wa mrengo wa kushoto waliotoka kwenye maandamano ya kupinga mkataba wa kijeshi na Marekani, na wenzao wakubwa wa miaka ya nyuma. Badala ya kula wali wanaanza kuulizana nani alimsaliti nani. Shoti hazifiki 50 filamu nzima, kamera inazunguka tu kama mtu anayetafuta mwongo chumbani, waigizaji wanajikwaa kwenye maneno na yeye anaacha hivyohivyo. Ilitoka tarehe 9 Oktoba. Tarehe 12 Inejiro Asanuma, kiongozi wa chama cha Kisoshalisti, akachomwa upanga jukwaani Tokyo na kijana wa miaka 17. Muda mfupi baadaye Shochiku ikaiondoa filamu kwenye kumbi. Oshima akawaka, akaondoka, akaanzisha kampuni yake, Sozosha, pamoja na mkewe, mwigizaji Akiko Koyama, na marafiki. Angalia lakini ni nani aliyechokozwa mle: ni watu wake mwenyewe, waliobeba mabango pamoja naye. Kutukana serikali kila mtu anaweza, hata kinyozi wangu.

Ukipata muda wako binafsi, tafuta Koshikei ya 1968. Mkorea ananyongwa gerezani na hafi. Anaamka hakumbuki alilofanya, na hawawezi kumnyonga tena mpaka akumbuke kosa lake. Basi maofisa wa gereza, kasisi na daktari wanaanza kumwigizia uhalifu wake ili akumbuke, na kadiri wanavyoigiza ndivyo wanavyoufurahia. Utacheka, halafu utajiuliza kwa nini ulicheka. Na Shonen ya 1969, iliyotoka kwenye kisa cha kweli: wazazi wanamfundisha mtoto kujirusha mbele ya magari ili wadai fidia, wanazunguka Japani mpaka wanafika mwisho wa nchi, kwenye theluji ya Hokkaido. Yule mtoto walimpata kwenye makao ya yatima. Uso wake hausemi kitu, na ndio unaokuua.

Sasa ile ya shangazi. Ni kisa cha kweli cha Sada Abe, Tokyo, 1936, aliyemnyonga mpenzi wake kisha akamkata, hilo umeshaliona. Kuna sekunde chache mle ambazo nina hakika hukuzitazama kwa hofu ya mlango: yule mwanamume anapita barabarani kichwa chini, na upande wa pili safu ya askari inaelekea kwingine, watu wanawapungia vibendera. Nchi nzima inaenda vitani, yeye anarudi kitandani kufa kwa njia yake. Hiyo ndiyo filamu.

Na jinsi ilivyotengenezwa, mimi kama mfanyabiashara wa kanda namvulia kofia. Sheria ya Japani isingeruhusu. Basi mtayarishaji Mfaransa, Anatole Dauman, akaingia, wakapiga picha Kyoto milango imefungwa, wakazituma kanda Ufaransa kabla ya kusafishwa. Zikasafishwa na kuhaririwa huko. Ikirudi Japani ni bidhaa ya nje kama mtumba wa Kibuye, na hata hivyo waliionyesha imefunikwafunikwa. Polisi wakakosa pa kuishika filamu, wakashika kitabu, chenye mswada wake na picha kadhaa. Kesi ya uchafu. Oshima akasimama na hoja kwamba kinachoonyeshwa wazi si kichafu, uchafu uko kwenye kile kinachofichwa. Akaachiliwa 1979, upande wa mashtaka ukakata rufaa, akashinda tena 1982.

Hiyo ya kitabu naielewa vizuri sana. Kuna mwaka walinijia watu na vitambulisho shingoni, ofisi siitaji, wakabeba kompyuta moja kwa sababu ya karatasi ya tangazo niliyobandika ukutani. Ilikuwa filamu ya vita, mwanamke amevaa gwanda limechanika begani. Hawakufungua hata faili moja. Kompyuta ilirudi baada ya miezi miwili, kibodi haina herufi M.

Zilizobaki kwa haraka: 1978 alipata tuzo ya mwongozaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes kwa Ai no borei. Max, mon amour ya 1986, mke wa mwanadiplomasia anapendana na sokwe, nimejaribu mara mbili na nimelala mara mbili. Kiharusi kikampata 1996, akarudi akiwa kwenye kiti cha magurudumu akatengeneza Gohatto, 1999, wapiganaji wa panga wanaotamani kijana mmoja mzuri kikosini. Akafa Januari 2013, miaka 80.

BintiWaBukhungu, Kakamega

Fundi umeandika vizuri, lakini umepita mahali fulani kwa mwendo wa boda.

Nimetazama nne. Kila Oshima anapotaka kutuonyesha kwamba Japani imeoza, anayepigwa ni mwanamke. Kwenye hiyo filamu yako isiyo na kijani, kijana anamzaba msichana makofi, anamsukuma majini kati ya magogo, anamwacha anatapatapa, halafu tunatarajiwa tuuone huo kuwa uchungu wa kizazi kizima. Uchungu wa kizazi, lakini mwili ni wa nani?

Na hiyo hoja ya mahakamani ni tamu ukiwa wewe ndiwe nyuma ya kamera. Eiko Matsuda, aliyeigiza Sada, alitukanwa kwao mpaka kazi zikamkaukia, akaenda kuishi Ulaya. Tatsuya Fuji, mwanamume waliyeigiza naye vilevile, kitanda kilekile, aliendelea kuitwa kazini, na Oshima mwenyewe akamwita tena miaka miwili baadaye. Mchokozi alishinda kesi mara mbili. Bili alilipa mwenzake.

Simkatai. Koshikei ni bora kuliko alivyoisifu Fundi. Nasema tu, Mwanagenzi, ukisimama Jumamosi kumsifia ujasiri, taja na Matsuda.

FundiFlashi, Kondele

Dada, hapo umenishika. Ya Matsuda nilikuwa naijua na sikuiandika, kwa sababu ingeniharibia hadithi ya zile kanda. Kofia niliyomvulia naigawa nusu.

Ila kwenye hayo magogo sikubali yote. Mimi sioni kwamba tunatarajiwa kumhurumia yule kijana. Namwona Oshima akimtazama kama anavyotazama kila mtu, kwa jicho la mtu wa sheria. Lakini najua ni rahisi kwangu kusema hivyo, sikuwahi kusukumwa majini.

NyotaYaMilimani, Kisumu

Mmekuwa wazito. Nani ameona ile video ya 1990? Oshima na mkewe wanasherehekea miaka 30 ya ndoa, mwandishi Akiyuki Nosaka amealikwa atoe hotuba, amesubiri kuitwa huku anakunywa. Oshima anasahau kumwita. Mwishowe anapopanda jukwaani, Nosaka anasoma hotuba yake, anamaliza, anamtandika Oshima ngumi, na Oshima anamrudishia kwa maikrofoni. Maikrofoni iko wazi, kila kipigo kinasikika ukumbini. Mke yuko hapohapo na kimono chake. Harusi ya kwetu Ahero haijafika hapo.

MwalimuMstaafu, Maseno

Vijana, salamu. Mjukuu ndiye amenionyesha mjadala huu.

Baba yangu mzazi alikuwa King's African Rifles, akapelekwa Burma mwaka 1944 na ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, bonde la Kabaw, kwenye mvua na matope, kupigana na Wajapani. Hakuwahi kuwataja kwa jina. Alisema "wale". Alirudi na koti, kopo la bati na nishani. Wazungu waliopigana vita hivyohivyo waligawiwa mashamba Bonde la Ufa, huko kwenu Mwanagenzi. Yeye alirudi kwenye robo eka ya babake.

Kwa hiyo mkwe wangu aliponiwekea kazi moja ya Oshima niliketi kwa shingo ngumu. Ilikuwa kipindi cha televisheni cha 1963, Wasurerareta kogun, jeshi la mfalme lililosahaulika. Ni Wakorea waliopigania Japani, wakapoteza mikono, miguu na macho, na vita vilipoisha wakaambiwa ninyi si Wajapani tena, hamna malipo. Wamevaa nguo nyeupe za hospitali, wanaomba pesa kwenye treni. Kuna mmoja, mkono mmoja na miwani meusi. Anaitoa miwani. Macho hayapo, na mle mlimokuwa macho machozi yanatoka. Kamera haiondoki. Nilimwambia mkwe wangu asimamishe nikanywe maji.

Mpaka nikaiona hiyo, sikuwa nimewahi kufikiri kwamba "wale" wa baba yangu nao walikuwa na watu kama baba yangu ndani yao. Hata kwenye hiyo filamu ya wafungwa mnayoisifia kwa muziki, mwanzoni kabisa anayelazimishwa kujiua mbele ya wenzake ni mlinzi Mkorea. Itazameni tena muone kama mlimkumbuka.

Binti wa Kakamega ana haki katika aliyosema. Mwanafunzi wangu angekuwa yeye ningempa alama zote.

Mwanagenzi58, Nakuru

Nimerudi na ripoti. Shikamoo Mwalimu, ulichoandika nilikisoma kwa sauti kabla hatujaanza, na yule wa projekta akasema babu yake wa Bomet alikuwa hukohuko Burma. Hatukujua, na tumejuana miaka minne.

Tuliweka njiwa. Stima ikapotea tukiwa tumebakisha kama dakika kumi na tano, tukakaa gizani tukibahatisha mwisho. Wengi walisema watafunga ndoa. Iliporudi, ule mlio wa bunduki ukawapata watu na karanga mdomoni. Binti wa pasta ndiye aliyeomba turudishe nyuma, na hakutaka kumwona njiwa akianguka, alitaka kuuona uso wa msichana aliyetaka apigwe risasi. Turudishe tena. Turudishe tena. Mara ya tatu akasema, "Huyu amekasirika kwa sababu huruma yake haikushukuriwa," na hapo ukazuka ugomvi ambao mama mwenye nyumba alizima taa na bado ukaendelea mpaka getini. Matsuda nilimtaja, dada. Kuna jamaa mmoja akanyamaza ghafla, nadhani naye alikuwa amepitia kwa kijana wa stendi.

Leo asubuhi shangazi akaniuliza, bila kunitazama, wiki hii tulitazama nini. Nikamsimulia habari za njiwa, bila mwisho. Akaendelea kuchambua sukuma yake. Baadaye akauliza kama ile mashine ya kuonyeshea inaweza kuazimwa Jumapili baada ya ibada, na kwamba hiyo tutazame na sauti juu.